Aliyewafungia Askari Chakula cha Njia

Wadachi walipokuja kwetu Karagwe walisema wanakaa muda mfupi. Sitaki kuwasingizia. Walisema hivyo kwa midomo yao, mkalimani akarudia, na sisi tuliokuwa pale tukapiga makofi. Watoto waliozaliwa mwezi ule wa muda mfupi sasa wana ndevu, na baadhi yao wananidanganya bei ya ngozi. Kwanza Wadachi walikuja kutuliza ugomvi wa wakubwa wetu. Ugomvi ulipotulia wakabaki kulinda utulivu. Kisha wakaletwa askari wengine wa kuwalinda wale wanaolinda utulivu, na mwisho kikajengwa kiboma cha mawe juu ya kilima, chenye matundu ya bunduki, kuwakinga wote hao na utulivu wenyewe.

Katika nchi nzima nilimjua mtu mmoja tu aliyeyachukua yale maneno ya "muda mfupi" kama maneno ya watu wazima. Aliwafungia chakula cha njia, akawapelekea.

Tulimwita Mtunza Kibanja, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza kibanja cha Mukama, yaani shamba la migomba la mfalme wetu, kule karibu na Bugene. Jina lake la nyumbani waachieni watoto wake. Mimi ndiye ninayemweleza kwa kuwa wasomi wako mbioni kuwaeleza wakubwa, na hawa wengine hakuna anayewakumbuka. Mimi sikusoma. Chuoni nilifika juzuu ya Amma, mwalimu akanichapa, nikaona heri nichapwe na jua nikiwa na mzigo kichwani. Nilianza na bonge la chumvi lisilozidi ngumi yangu. Leo nina duka Bugene lililoezekwa bati, la kwanza upande huu, hata mvua ikinyesha watu hujua ni kwangu kwa mlio. Kule Nkwenda nina banda la kununulia ngozi. Mkubwa yeyote akipita hunywa chai barazani pangu. Kwa hiyo nikisema fulani alikuwa mtu, jua kwamba nimepima wengi, na kwa mizani yangu, si ya kuazima.

Kwa umbo hakuwa na la kutisha. Alikuwa mfupi, shingo imepinda upande kwa kutazama majani ya migomba miaka yote, viganja vyeusi kwa utomvu usiotoka hata kwa sabuni yangu, na sabuni yangu ni nzuri. Alivaa lubugo, nguo ya gome la mti, wakati hata wachunga mbuzi walikuwa wamekwisha kununua kaniki dukani kwangu. Nilimwambia, "Waitu," ndivyo kwetu tunavyomwita mtu wa heshima, "chukua hata kipande, bure, naona haya kusimama nawe." Akaipapasa ile kaniki, akaitazama juani, akasema, "Mswahili wangu, kwa nguo hii nauona uchi wangu upande wa pili. Mpe Bwana Boma, yeye hana cha kuficha."

Bwana Boma ndiye Mdachi aliyekaa na askari pale kilimani. Alikuwa na jina, lakini lilitaka mate mengi kulitamka.

Alipoingia kibanjani asubuhi, Mtunza aliisalimu migomba kabla ya watu, na salamu zenyewe zilikuwa matusi. "Wewe mvivu, bado umelala? Na wewe, mkungu wako huo ni wa ndizi au ni wa vidole vya mtoto?" Mkewe alikuwa akisema kwamba katika miaka yote ya ndoa hakupata kutukanwa kwa mapenzi kama ule mgomba wa karibu na jiko. Kwa pombe ya ndizi alikuwa mkarimu mpaka upumbavu. Ulikuwa ukipita tu njiani unaitwa. Kwa chipukizi la mgomba, mtoto yule anayeota ubavuni mwa mama yake, alikuwa bahili kuliko mimi, na mimi si mchezo. Shemeji yake aliomba chipukizi moja akazungushwa misimu mitatu. "Kwanza niambie umekuja kuishi au umekuja kula," alimwambia. Shemeji wa damu!

Sasa nieleze desturi mbili, maana nikiziacha hamtamwelewa, mtamwona kichaa kama alivyoonwa na wenye akili.

Ya kwanza ni entanda. Mgeni akiondoka kwetu hufungiwa chakula cha njia, ndizi za kuchoma ndani ya jani, zifungwe kwa ugwe wa mgomba. Hiyo ndiyo entanda. Haitolewi kwa anayefika. Haitolewi kwa anayekaa. Ukiona mwenye nyumba anaingia nayo, tafuta fimbo yako.

Ya pili ni ya ardhi. Mgeni ukimpa mahali atalima maharage, ulezi, karanga, vitu vya kuvuna na kwenda. Mgomba hapandi. Mgomba ni kitu kisichokufa. Ukimkata mama, mtoto yuko kando, na mjukuu yuko chini anasubiri. Mwenye kupanda mgomba amekwisha kusema kwamba hapo atazikwa.

Basi kila mwanzo wa mvua huyu bwana aliamka, akachoma ndizi, akafunga entanda, akavaa lubugo lake safi na kupanda kilima. Mlangoni kulikuwa na ombasha, askari mwenye cheo kidogo na sauti kubwa, mtu wa kusini huko mbali, ndiye pia mkalimani. Mtunza alisalimia vizuri sana, akainua kifurushi kwa mikono miwili, akauliza, "Mkubwa, safari ni lini?"

Ombasha hakujua entanda ni nini. Alijua ndizi. Alizipokea, akapeleka ndani, akarudi na jibu: "Bwana Mkubwa anasema ahsante kwa ushuru. Anasema wewe ni mfano kwa wenzako."

Na kweli akatangazwa kuwa mfano. Tuliitwa kilimani, tukasimama juani, Bwana Boma akamshika bega mbele yetu na kusema laiti Wanyambo wote wangekuwa na moyo kama wa mzee huyu. Mzee huyu aliyemfukuza kwa adabu mwaka wa ngapi sijui! Nilikuwa karibu naye, nikamwona anauma mdomo wa chini. Msimu uliofuata alipeleka tena. "Safari ni lini?" Ahsante kwa ushuru. Na msimu uliofuata tena.

Msidhani aliwachukia. Hapo ndipo aliponishinda. Yule ombasha alimpenda; alimfundisha vitendawili vya Kinyambo, na ombasha alipougua homa, Mtunza ndiye aliyemnywesha dawa na kulala mlangoni pake kama mbwa. Na tarumbeta! Asubuhi boma lilipopiga tarumbeta, yeye aliacha kazi, akaketi juu ya gogo, akafumba macho. Aliijua kila tarumbeta na mpigaji wake. "Leo anayepiga ana njaa," angesema. Au, "Huyu ameachwa na mke." Nilimuuliza: "Waitu, unataka watu hawa waondoke, na muziki wao unaulia machozi. Hiyo ni akili?"

"Wakienda wataniachia mmoja wa tarumbeta," akasema. "Huyo nitampa hata chipukizi. Mimi sina ugomvi na mtu, Mswahili wangu. Nina ugomvi na kukaa."

Nami aliniandama. Nilikuwa nauzia boma chumvi, sabuni na taa, na sioni aibu; askari bila taa huingia nyumba isiyo yake. Alikuwa akipita barazani na kupaza sauti mbele ya wanunuzi: "Huyu angeuza hata kivuli chake kama kingekunjika!"

"Waitu, nimekwisha kukiuza," nilimjibu, "ila mnunuzi hajaja kukichukua."

"Atakuja. Na bunduki."

Wateja wakacheka. Biashara ikaenda vizuri siku ile, kwa hiyo sikununa.

Kulikuwa na jambo moja hakulisema ila pombe ikiwa ya siku mbili na watu wakiwa wachache. Ujanani alikuwa mkuki wa Mukama. Walipelekwa ng'ambo ya Mto Kagera, kwenye nchi ya watu wengine waliokuwa wakigombana, kwenda kuwatuliza. Muda mfupi! Alilisema neno hilo kwa Kinyambo na kulitemea mate. Walijenga vibanda vya nyasi juu ya kilima. Watu wa kule waliwaletea chakula, mwanzo kwa tabasamu, baadaye bila tabasamu, baadaye wakawa wanakiweka chini na kugeuka. Mwenyeji wake alikuwa mzee mmoja mcheshi, wakataniana, wakanywa pamoja. Mwaka wa pili kijana huyu wa mkuki akachoka kungoja chakula cha kuletewa. Akapanda mgomba nyuma ya kibanda.

"Yule mzee akaja asubuhi," alituambia. "Akautazama. Akaniuliza nani amepanda. Nikasema mimi, kwa furaha, nikidhani atausifu, mgomba mzuri ule. Akageuka, akaenda zake. Tangu siku ile hakunisalimu. Tulikutana kisimani, njiani, arusini. Hakunisalimu. Alinipita kama mtu anavyopita kaburi la mtu asiyemjua."

Mtu mmoja akauliza, "Na wewe ukafanyaje?"

"Nikaula," akasema. "Ulizaa vizuri sana."

Kisha akabadili mazungumzo akaanza kuitukana migomba ya jirani.

Sasa Bwana Boma naye alichoka kungoja chakula cha kuletewa. Kila siku ya soko tulitakiwa kupandisha mikungu kilimani kwa zamu, kijiji kwa kijiji, Rugera leo, Bugene kesho, na mkungu ukiwa mwembamba mwenyewe alinenepeshwa mgongo kwa kiboko. Siku moja ikatoka amri. Boma litakuwa na kibanja chake. Watu walete machipukizi, wapande kuzunguka ukuta wote, na Mtunza Kibanja, mfano kwa wenzake, ndiye msimamizi. Maana kibanja kikizaa, alisema Bwana Boma, mkubwa wake kule ziwani ataleta askari wengi zaidi, kombania nzima, nao watajilisha wenyewe hapo kilimani daima.

Kwenye pombe jioni ile watu walifurahi. Jirani yake Mtunza akapiga paja: "Afadhali! Walime wenyewe, sisi tupumzike migongo!"

Mtunza alikuwa hajagusa kata yake. "Mgeni wa kubebewa chakula anajua kuwa ni mgeni," akasema. "Siku atakapokata mkungu wake mwenyewe atakuuliza wewe umetoka wapi."

"Sasa utakataa? Watakunyonga juu ya mgomba huohuo."

"Mgomba haubebi mtu," akasema. "Na nani amesema nakataa?"

Yako mabonde ya mawe upande wa Rugera ambako huota mgomba-mwitu, sisi tunauita kitembe. Mwenye kwao pwani akiuona ungali mchanga atakula kiapo kwamba ni mgomba: jani ni lile, shina ni lile, hata rangi. Ila hauoti watoto ubavuni, unachukua miaka kuzaa, na ukizaa unatoa tunda lililojaa kokwa nyeusi ngumu kama risasi. Nyani hula kwa tahadhari. Mtoto wa kwetu wa kunyonya anaujua kitembe.

Siku ya kupanda watu walipanda kilima wamebeba miche ya kitembe kichwani, mstari mrefu, Mtunza mbele na mundu wake kiunoni. Nilikuwa nimepeleka sabuni, nikaona. Mkewe alikuwa nyuma yake anamnong'oneza kwa meno, "Baba watoto, utatutia kamba shingoni." Naye anamjibu bila kugeuka, "Beba, mama, beba, umri wetu hauna kamba ya kutosha." Hakuna aliyecheka. Kikongwe mmoja alitaka kucheka, akafinywa, akaanza kulia kana kwamba amefiwa.

Bwana Boma alitoka na kamba na vigingi. Mgomba wa kwetu haujapata kusimama mstari tangu Mungu auumbe, lakini vile vitembe vilipangwa kama askari, kwa vipimo. Akatuambia kwamba tatizo letu sisi ni kupanda ovyo. Mtunza akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyepoteza maisha yake yote kwa kukosa kamba.

Vilikua. Jamani, vilikua! Kitembe kikitandikiwa nyasi na kumwagiwa samadi ya nyumbu wa mizigo wa serikali hunenepa kama mke wa liwali. Mashina yakawa ya kukumbatiwa na watu wawili. Ombasha, ambaye hakuwa mjinga sana, alimwita Mtunza kando. "Mzee, mbona migomba hii haina watoto? Kwetu mgomba una watoto."

"Hii ni ya serikali," Mtunza akamjibu. "Haizai watoto bila ruhusa."

Ombasha akaenda akalifikisha neno lile kama lilivyo, na Bwana Boma akaridhika sana.

Ikaja dhoruba mwaka mmoja, ikalaza vibanja vya watu, hata cha Mukama kikavunjika nusu. Vitembe vya boma havikuinamisha hata jani. Tukaitwa wote tuone. Bwana Boma alitembea katikati ya mistari yake, akatufundisha kilimo: kamba, nafasi, nidhamu. Tulisimama pale wazee waliozaliwa ndani ya migomba, na Mtunza yuko mbele kabisa, mkono kidevuni. Bwana alipomaliza, Mtunza akanyoosha kidole. "Mkubwa, tunaomba uturudie pale kwenye kamba. Sisi ni wazito." Akaturudia! Nilimeza ulimi wangu nisicheke, na mimi nina ulimi mkubwa.

Hapo katikati alikuwa bado anapeleka entanda kila msimu. Safari ni lini? Ahsante kwa ushuru.

Hatimaye vikachanua. Bwana Boma akamwalika mkubwa wake kutoka ziwani aje aone kibanja kitakacholisha kombania nzima. Tukaamriwa kuja. Nilikuja na kanzu nyeupe na koti langu jeusi, na mkubwa yule alinitazama mara mbili. Askari wakapangwa. Mkungu wa kwanza ukakatwa kwa mundu wa Mtunza mwenyewe, na Bwana Boma akaamuru tarumbeta ipigwe, na heshima ya kuonja akapewa ombasha, kwa utumishi mwema.

Ombasha alimenya tunda, akafunga miguu pamoja, akauma.

Mlio wa jino lile tulisikia wote. Sikuwa karibu, na nilisikia. Akabaki amesimama wima, machozi yanashuka, akatema kiganjani kokwa nyeusi na kipande cheupe, na bado amepiga saluti.

Mkubwa wa ziwani akachukua lile tunda, akalipasua kwa kisu. Kokwa zikamwagika juu ya kiatu chake. Akamgeukia Bwana Boma, akauliza jambo moja fupi. Ombasha, mdomo umejaa damu, alitutafsiria kwa mazoea tu: "Anauliza kama huu ni mgomba."

Mtunza alikuwa amesimama kando ya mkungu, na mundu mkononi. Bwana Boma akisema si mgomba, mzee ananing'inia kabla ya adhuhuri, na mkewe, na labda nusu ya Rugera iliyobeba miche. Lakini Bwana Boma akisema si mgomba, amekiri pia kwamba miaka yote ile alitandika nyasi, akapima kwa kamba, akatuhutubia juu ya magugu. Nilimtazama uso. Ulikuwa mwekundu kuanzia kola, ukapanda kama maji ya mafuriko mpaka chini ya kofia.

"Ni mgomba," akasema. Alisema kwa Kiswahili, kwa nguvu, ili tusikie sote.

Mkubwa wa ziwani akatutazama sisi. Macho yake yakasimama juu ya koti langu. "Wewe, mfanyabiashara. Ni mgomba?"

Wengine wangetetemeka. Nilipiga hatua mbele, maana duka halikujengwa kwa kutetemeka. "Bwana Mkubwa, ni mgomba, na Bwana wetu ameutunza kuliko mama na mwana. Ila kilima hiki kina mawe. Ardhi imeukataa. Ndizi zimegeuka mawe kama mlima."

"Ardhi imeukataa," wakaitikia watu wa Rugera, na watu wa Bugene, na kile kikongwe, safari hii bila kufinywa. "Imeukataa, Waitu, imeukataa."

Yule mkubwa akageuza uso akatazama bonde, ambako kila mahali jicho lilipofika palikuwa na migomba ya watu, kijani mpaka upeo, mikungu imeelemea. Akatazama tena tunda. Kisha akasema, mbele ya nchi iliyokuwa ikimzomea kwa ndizi, kwamba Karagwe haifai kwa migomba.

Kombania haikuletwa. Wengi wa waliokuwapo wakateremshwa ziwani, Bwana Boma akiwa mmoja wao, akabaki ombasha na askari wachache wa kupiga tarumbeta na kulala. Lakini serikali haiwezi kuondoka mahali bila kumchapa mtu. Mtunza alilazwa chini akapigwa viboko hamsa ishirini kwa ajili ya jino la ombasha. Aliyepiga alikuwa ombasha mwenyewe, shavu limevimba, na mkono wake, nasema nilichoona, haukuwa na hamu.

Nilimpelekea mafuta ya kujipaka, ya kwangu, ya bei. Alikuwa amelala kifudifudi sebuleni, mkewe anamkanda na kumtukana kwa zamu. Nikamwambia kilichosemwa juu ya kombania. Tarumbeta ilikuwa inapigwa kilimani, akainua kidole tusubiri imalizike.

"Amekosea pale katikati," akasema. "Jino linamuuma."

Kuna watu wenye kusoma wananiambia kwamba si kitembe kilichowaondoa, ni hesabu za wakubwa tu huko ziwani. Sawa. Wao walikuwa wapi? Mimi nilikuwa pale, na koti.

Mara ya mwisho nilipoketi naye vita vikubwa vya wazungu vilikuwa vimefika hata kwetu. Asubuhi moja ombasha na watu wake waliteremka kilima na mizigo yao, wakaenda moja kwa moja. Hakuna aliyemjulisha Mtunza. Msimu hadi msimu alikuwa amewafungia entanda, na siku waliyoondoka kwa kweli waliondoka na njaa. Jambo lile lilimchoma kuliko kiboko. "Hawana adabu," alirudia. "Wameshindwa hata kuaga." Alikuwa amelala kitandani wakati huo, macho yameingia ukungu, shingo ile ile upande, na mkewe amekwisha kumtangulia.

Wiki ile ile wakavuka Mto Kagera askari wengine, Waingereza, wakapanda kilima kilekile. Nilikwenda kwake kumweleza, maana mimi ndiye niliyekwenda kuwauzia chumvi ya kwanza.

"Wamesemaje?" akauliza.

"Wanakaa muda mfupi. Mpaka vita viishe, na utulivu urudi."

Akafumba macho. Nilidhani amelala. "Choma ndizi," akasema. "Funga entanda, uwapelekee."

"Waitu, wamefika jana!"

"Ndiyo vizuri. Waizoee mapema."

Mimi, mwenye duka la bati, nikapuliza moto wa mtu. Nilifunga entanda ile vizuri kwa jani na ugwe, nikapanda kilima. Ofisa wao alikuwa kijana mwenye pua iliyobabuka. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaniambia kupitia mkalimani wake kwamba ni nadra kukuta ukarimu wa namna hii. Kisha akanizungusha nyuma ya ukuta. Kila kitembe cha kwanza kilikuwa kimekwisha kufa na kumwaga kokwa zake, na kutoka kila kokwa kilikuwa kimeota kipya. Kilima chote kilikuwa kijani, mistari ya Bwana Boma haionekani tena.

"Ndizi nzuri sana," yule kijana akasema. "Zitatulisha. Ni mali ya nani?"

"Ya serikali, bwana," nikasema. "Ni yenu. Ilikuwa inawangoja."

Nilishuka mbio, mtu wa umri wangu na kitambi changu, nikamsimulia. Alicheka mpaka nikamshika mgongo. Alipotulia aliuliza kama tarumbeta ya hawa wapya ni nzuri. Nikasema ni nzuri, ila ni nyingine. Akakubali kwa kichwa. Akapapasa mkono wangu, akaunusa.

"Ndizi zimebaki?"

"Zimebaki, Waitu. Una njaa?"

"Sina njaa. Nifungie na mimi."

Nikachagua jani lisilochanika, nikalipitisha juu ya moto lilainike, nikafunga kwa ugwe na kumwekea kifuani. Na msinione hivi na duka langu. Ndizi za kuchoma najua kuchoma, ndani laini, nje hazikuungua hata moja.